Je, Wajua? Pampu ya Kitale Haivuti Kama ya Mombasa

Je, wajua kwamba pampu ileile, yenye injini ileile na mpira uleule, hupandisha maji kutoka kina kirefu zaidi ikiwa Mombasa kuliko ikiwa Kitale? Sababu ni kwamba pampu haivuti maji. Huondoa hewa iliyo ndani ya mpira, kisha hewa ya nje, kwa uzito wake, huyakandamiza maji ya mto au kisima na kuyasukuma juu. Ufuoni mwa bahari uzito huo unatosha kuinua maji mita 10.3 na si zaidi, hata ukifunga injini ya lori. Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kikomo hushuka hadi kama mita 8.2. Bungoma, kwenye takriban mita 1,400, hufika kama mita 8.7. Hizo ni hesabu za pampu kamilifu, ambayo haijawahi kutengenezwa. Ukitoa msuguano wa maji ndani ya mpira na uchakavu wa pampu yenyewe, mkulima wa Kiminini au Saboti afadhali apange mita 6 tu, kutoka uso wa maji hadi pampu ilipo.

Mafundi wa pampu wa Italia walikuwa wameshindwa na kikomo hiki kwa muda mrefu kabla mwanasayansi Evangelista Torricelli hajakieleza mwaka 1644, aliposema kwamba hewa ina uzito na sisi sote tunaishi chini yake. Kwa hiyo anayesimama kwenye ukingo mrefu wa mto Nzoia akaona maji hayapandi, asikimbilie kununua pampu kubwa zaidi. Aishushe pampu karibu na maji. Upande wa kusukuma hauna kikomo hicho: pampu ikishayapata maji, huyapeleka mbali kadiri ya nguvu zake. Pampu za kukanyaga za MoneyMaker, zilizoanza kuuzwa Kenya mwaka 1996, zinatii sheria hiyo sawasawa na pampu ya dizeli ya shamba kubwa.

Je, wajua kwamba mpira wa kuvutia maji ukitoboka hautoi hata tone? Presha iliyo ndani yake ni ndogo kuliko ya nje, basi badala ya maji kutoka, hewa huingia. Injini inanguruma, pampu inapata joto, na maji hayaji, au yanakuja kwa kukatikakatika. Wengi hapo huanza kuifungua pampu, na mara nyingi pampu haina kosa lolote. Anza na washa ya maungio, halafu klipu, halafu vali yenye chujio inayozama majini. Jani moja likikwama kwenye vali hiyo, maji yote hurudi mtoni mara injini inapozimwa. Tundu lenyewe hupatikana kwa urahisi ukiujaza mpira maji pampu ikiwa imezimwa: panapotoka unyevu ndipo hewa huingilia. Na mpira ule laini, unaolala bapa ukiwa mtupu, usiwekwe upande wa kuvuta. Hewa ya nje itaubana mpaka kuta zake zikutane. Upande huo unataka mpira wenye msokoto wa waya au wa plastiki ngumu ubavuni.

Tuhamie kwenye trekta, maana huko ndiko mpira hugharimu pesa nyingi na, kama tutakavyoona, hata viungo vya mwili.

Je, wajua kwamba nyaya za chuma zilizosukwa ndani ya mpira wa haidroliki hulala kwa pembe inayokaribia digrii 54.7? Pembe hiyo ina hesabu yake. Kitu chochote chenye umbo la bomba kikijazwa presha, ngozi yake huvutwa kwa mzunguko mara mbili ya inavyovutwa kwa urefu. Ndiyo maana soseji ikizidiwa na moto hupasuka kwa mstari wa urefu, haikatiki vipande viwili. Nyaya zikilala kwenye digrii 54.7, mivuto yote miwili hupata wa kuibeba, na mpira haurefuki wala haufupiki. Kiwandani pembe haitoki kamili kila mara, hivyo viwango vinaruhusu mpira ufupike hadi asilimia 4 au urefuke hadi asilimia 2 unapopata presha. Kwa mpira wa mita moja, asilimia 4 ni sentimita 4. Ukiukata ukatoshea barabara bila hata kidole cha ziada, siku ya kazi utajivuta wenyewe kutoka kwenye fitingi. Mpira unatakiwa ulegee kidogo ukiwa umefungwa. Anayeuona umelegea akadhani fundi hakupima vizuri, amemwonea.

Je, wajua kwamba maandishi yaliyo ubavuni mwa mpira yana kazi mbili? Kwanza ni cheti chake. 1SN maana yake tabaka moja la nyaya, 2SN matabaka mawili. Namba yenye kistari mbele, kama -8, ni upana wa ndani uliohesabiwa kwa sehemu za kumi na sita za inchi: nane kati ya kumi na sita ni nusu inchi. Pili, mstari huo wa maandishi ni rula. Mpira ukifungwa sawasawa, maandishi hunyooka kutoka fitingi hadi fitingi. Yakiwa yanauzunguka mpira, ujue umesokoteka wakati nati ilipokazwa kwa spana moja. Watengenezaji huonya kwamba msokoto wa digrii 7 tu unaweza kula asilimia 90 ya maisha ya mpira wa presha kubwa. Dawa ni spana mbili, moja ishike mpira usigeuke, ya pili ikaze nati. Ukiona maandishi yamezunguka, legeza, nyoosha, kaza upya. Matengenezo mengine ya trekta hayawi rahisi hivyo.

Wanunuzi wengi pia hupotoshwa na unene. Mpira wa 2SN wa nusu inchi umepimwa kufanya kazi kwenye bar 275, na wa inchi moja wa aina hiyohiyo ni bar 165 tu. Tundu la ndani likipanuka, oili hupata eneo kubwa la kusukuma, na ukuta hubeba mzigo mzito zaidi kwa presha ileile. Kiwango kinadai mpira mpya usipasuke kabla ya kufika mara nne ya presha yake ya kazi, yaani bar 1,100 kwa ule wa nusu inchi. Wapo wanaoichukua hiyo mara nne kama ruhusa ya kufunga mpira hafifu. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya mapigo ya ghafla, kama vile plau iliyoinuliwa inapodundadunda juu ya mashimo ya barabara ya Endebess, na kwa ajili ya uzee ambao kila mpira utaufikia.

Sasa lile ambalo ningependa kila mtu anayegusa trekta, kombaini au mashine ya kupakia miwa alijue kabla ya mengine yote. Je, wajua kwamba tundu usiloliona linaweza kukupotezea mkono? Majimaji yenye presha ya bar 7 hivi yanatosha kupenya ngozi ya binadamu. Matrekta mengi hufanya kazi kwenye bar 150 hadi 210, wakati tairi la gari dogo lina kama bar 2. Mpira ukianza kutoboka, mtu huona ukungu mwembamba wa oili na kupitisha kiganja chake kutafuta unatoka wapi. Oili huingia ndani ya kidole kwa mpigo mmoja. Mara nyingi haiumi mwanzoni. Huacha doa dogo, mtu hulipangusa na kurudi kulima. Ndani ya mkono, oili hiyo inasafiri kando ya mikano, inabana mishipa ya damu na kuua nyama.

Madaktari wameandika kuhusu majeraha haya tangu mwaka 1937, wakati huo yakitokana na dizeli inayorushwa na nozeli za injini. Tiba yake ni upasuaji wa kufungua na kusafisha, na kila saa inayopita huongeza uwezekano wa kidole au mkono kukatwa. Bendeji na tembe za maumivu hazitoshi. Aliyepigwa aende hospitali kubwa ya Kitale au Bungoma saa hiyohiyo, hata kama haumwi, na amwambie daktari waziwazi: “Daktari, oili imeingia ndani ya mkono kwa presha ya mashine.” Asiposema hivyo, doa lile litaonekana dogo mno, naye atarudishwa nyumbani. Aende pia na jina la oili ile, au hata kopo lake.

Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha katoni au ubao, ukiwa umesimama mbali. Ukiupata, zima injini, shusha plau mpaka ilale chini, sukuma na kuvuta mkono wa haidroliki mara kadhaa ili presha iliyobaki iishe, ndipo uguse nati. Na ile desturi ya kufunga tundu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na waya ikomeshwe kabisa kwenye mipira hii. Tyubu haiwezi kuzuia bar 150. Inachofanya ni kulificha tundu machoni pa kijana atakayeendesha kesho.

Je, wajua kwamba mpira uliopasuka husema uliuawa na nini? Kwa sababu hiyo usiutupe shambani. Uende nao dukani, kwanza kwa ajili ya vipimo, pili usomwe. Ukipasuka mahali pamoja na nyaya zimekatika hapohapo tu, chunguza kama palikuwa na mkunjo mkali. Mpira wa 2SN wa nusu inchi hautakiwi kukunjwa kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 18 hivi. Nyaya zikiwa zimekatika hapa na pale kwa urefu wote, kosa ni mapigo ya presha, na mpira mpya wa aina ileile utakufa vilevile. Ganda la nje likiwa limeliwa na waya umeshika kutu, tafuta chuma unachosugua na usogeze mpira. Ukitoka mzima kwenye fitingi, ama haukusukumwa mpaka mwisho kabla ya kubanwa, ama fitingi na mpira si ndugu: vimetoka kwa watengenezaji wawili na vipimo vyao vya kubana havilingani. Ukiwa mgumu kiasi kwamba hulia ukiukunja, oili ilichemka. Mafundi hutumia kanuni kwamba kila digrii 10 za joto juu ya kiwango cha mpira hupunguza maisha yake kwa nusu. Hapo kubadilisha mpira peke yake ni kazi bure. Angalia kiasi cha oili, kipoza oili na chujio.

Vifo vingi vya mipira vingezuilika kwa kuchagua wakati. Kitale, nyumbani kwa kampuni ya Kenya Seed tangu 1956, mwaka wote hufuata mahindi: ardhi hulimwa kabla ya mvua za Machi na Aprili, na mavuno huja kuanzia Oktoba. Mpira hupasuka trekta likiwa kazini, yaani wiki ambayo kila fundi ana foleni na mvua haisubiri mtu. Desemba, mashine zikiwa zimepumzika, ndiyo saa ya kupitisha macho, kwa kitambaa na tochi.

Je, wajua kwamba mpira wa asili hauwezi kuishi na mafuta? Ukiutia kwenye oili au dizeli hunyonya, huvimba na kuwa laini. Mpira wa asili ulikuwa na historia chungu katika eneo letu. Katika Kongo ya Mfalme Leopold, kati ya 1885 na 1908, watu waliteswa na kuuawa ili walete utomvu wa mitambaazi ya msituni. Upande wa Tanga, mashamba ya mpira ya Wajerumani yaliporomoka bei iliposhuka mwaka 1913. Ulaya na Marekani zilihitaji mpira wa matairi, mikanda na mipira ya maji, lakini mashine za oili zilitaka kitu kingine, nacho kilipatikana Ujerumani miaka ya 1930: mpira wa kutengenezwa uitwao naitraili. Huo ndio ulio ndani ya mpira wa haidroliki hadi leo. Kwa hiyo mpira wa maji wa bustani ukifungwa kwenye njia ya dizeli kwa sababu “unaenea”, baada ya siku chache utaanza kubanduka kwa ndani, na makombo yake yataziba chujio na nozeli. Injini itakosa nguvu, na mwenye gari atalaumu dizeli ya Malaba.

Kwenye karakana za jua kali kuna mipira miwili inayotembea pamoja, ya kuchomelea kwa gesi. Rangi zake si za urembo: buluu ni oksijeni, nyekundu ni asetilini. Je, wajua kwamba nati za asetilini hufungwa kinyume, kwa mkono wa kushoto? Zimekatwa vijikato kwenye kona zake ili zitambulike hata gizani, na lengo ni kwamba mtu asiweze kubadilisha mipira hiyo hata akitaka. Grisi hairuhusiwi kabisa kwenye fitingi za oksijeni, kwa kuwa oksijeni yenye presha huweza kuiwasha grisi bila kiberiti. Na mpira wa asetilini ukikatika usiunganishwe kwa kipande cha bomba la shaba. Asetilini ikikutana na shaba nyingi hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu. Tumia kiungo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ama ununue mpira mpya.

Je, wajua kwamba baadhi ya mipira hutobolewa kiwandani kwa makusudi? Ni mipira ya hewa na gesi ya presha kubwa, pamoja na ya mvuke. Ganda la nje hudungwa vitundu vidogo ili gesi inayopenya ukuta wa ndani ipate pa kutokea. Bila vitundu hivyo, gesi hujikusanya chini ya ganda na kulipandisha mapovu. Basi ukiona vitundu vilivyopangwa kwa mpangilio, usivizibe kwa gundi. Povu kwenye mpira wa oili, kinyume chake, ni ishara kwamba ukuta wa ndani umeshapasuka. Mpira huo umefika mwisho.

Mvuke nao una ukali wake. Kwenye kiwanda kama Nzoia Sugar, kampuni iliyoanzishwa Bungoma mwaka 1975, miwa iliyokamuliwa huchomwa kupata mvuke wa kuendesha mitambo na kupikia sukari. Mvuke wa bar 7 una joto la digrii 170 hivi. Maji yakibaki ndani ya mpira wa mvuke baada ya kazi, hupenya kwenye ukuta wa ndani. Mvuke ukifunguliwa tena, maji hayo huchemka palepale yalipojificha, na kwa kuwa maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida hupanuka zaidi ya mara 1,600, ukuta hubomoka vipande vipande. Kumwaga maji yote mpira ukiwa bado moto ni kazi ya dakika chache.

Je, wajua kwamba mota ya umeme huweza kuharibu mpira uliotundikwa karibu nayo bila kuugusa? Cheche za mota na za kuchomelea hutengeneza ozoni, na ozoni hushambulia mpira uliovutwa au kukunjwa, ukapasukapasuka kwa mistari inayokata upande wa mvuto. Jua la nyanda za juu, ambalo miale yake ni mikali kuliko ya pwani, hufanya uharibifu unaofanana na huo. Mpira wa akiba ulazwe kwa duara pana, gizani, mbali na mashine ya kuchomelea, na juu kiasi cha kutofikiwa na panya, ambao ghala la mahindi halikosi. Ncha zake zizibwe. Vumbi jekundu la Trans Nzoia ni adui wa kwanza, lakini yupo pia nyigu wa udongo, ambaye hupenda kujenga ndani ya bomba lolote lililo wazi; tope lake lililokauka likisukumwa na oili huenda moja kwa moja kwenye vali za haidroliki. Mpira uliokatwa upya nao upulizwe kwa hewa kabla ya kufungwa, kwa sababu msumeno huacha unga wa chuma na mpira ndani.

Mpira huzeeka hata kabla ya kununuliwa. Ubavuni huwa na tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi robo ya mwaka na mwaka wenyewe: 3Q22 ni kati ya Julai na Septemba 2022. Kanuni ya Ujerumani, DIN 20066, hupendekeza mpira wa haidroliki usitumike zaidi ya miaka 6 tangu ulipotengenezwa, ikiwemo isiyozidi 2 ya kukaa ghalani. Mkulima wa Kimilili hana sheria inayomlazimisha kufuata hesabu hiyo, lakini ana haki ya kuuinua mpira dukani, kuufuta vumbi na kusoma tarehe kabla ya kulipa. Tarehe ikiwa imekwanguliwa, aombe kipande kutoka roli nyingine.